Barua ya Kwenda Edinburgh

Februari 1784 Samuel Johnson alikuwa hawezi tena kulala kama watu wengine. Akijinyoosha kitandani tu, kifua kinambana na pumzi inamkatika, basi usiku kucha hukaa kitako, na lepe la usingizi analolipata hulipata kwa kasumba. Miguu ilikuwa imevimba mpaka mapajani. Tangu katikati ya Desemba alikuwa hajavuka kizingiti cha nyumba yake ya Bolt Court, jijini London. Mzee huyu wa miaka 74, mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1755, hakuwa na uhaba wa matabibu. Mmoja wao, William Heberden, ndiye aliyeyaeleza kinagaubaga yale maumivu ya kifua yanayomkamata mtu akipanda kilima na kumwachia akisimama. Mwingine, Richard Brocklesby, alimpenda kiasi kwamba alijitolea kumpa paundi 100 kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Johnson alishukuru, akakataa. Lakini pamoja na kuzungukwa na wataalamu hao, alimwandikia rafikiye James Boswell, wakili aliyekuwa Edinburgh, zaidi ya kilomita 600 kaskazini, akamwomba awaulize madaktari wa huko habari za ugonjwa wake.

Mgonjwa mwenyewe hakwenda, wala hakuna aliyedhani kwamba angepaswa kwenda. Kilichofunga safari ni habari yake. Rufaa tuijuayo leo humpeleka mtu, na karatasi ikamsindikiza. Katika karne ya 18, kwa mgonjwa mwenye ugonjwa sugu na fedha kidogo, karatasi ilikwenda peke yake.

Ukiangalia daktari wa siku hizo alikuwa na nini mkononi, mambo hayo hayashangazi. Stetoskopu haikuwapo mpaka mwaka 1816, tabibu Laennec alipoibuni Paris. Leopold Auenbrugger wa Vienna alikuwa amechapisha mwaka 1761 njia yake ya kugonga kifua kwa vidole na kusikiliza mlio, ila wengi waliipuuza. Kipimajoto hakikuwa kitu cha kila siku. Tabibu aliyesoma chuo kikuu alishika mshipa wa mkono, akatazama ulimi na mkojo, halafu akauliza maswali. Kazi ya kushika mwili na kuukata ilikuwa ya mpasuaji, na ya kuchanganya dawa ilikuwa ya muuza dawa. Tabibu alijiona yu juu ya wote wawili, na silaha yake ilikuwa elimu na hukumu. Uchunguzi wenyewe ukiwa ni mgonjwa kusimulia na tabibu kupima masimulizi, umbali haukupunguza mengi. Mgonjwa mwenye kalamu nzuri angeweza kumfaa daktari wa mbali kuliko mgonjwa mwenye haya aliyeketi mbele yake.

Edinburgh ndiko ilikokuwa shule ya udaktari iliyosifika kuliko zote katika Uingereza, na jina lililotajwa kwanza lilikuwa la William Cullen, mwenye miaka 73 wakati huo. Mezani kwake zilimiminika barua za wagonjwa wenyewe, za waume kuhusu wake zao, za wachungaji wa kanisa kuhusu waumini wao, na nyingi za wapasuaji wa vijijini waliofika mwisho wa ujuzi wao kwa mgonjwa asiyepona wala kufa. Cullen alijibu, kisha akabaki na nakala ya jibu lake. Mwanzoni karani alinakili kwa mkono. Kuanzia mwaka 1781 akatumia mashine mpya ya James Watt, yule wa injini ya mvuke, iliyobandua nakala kwa kukandamiza karatasi laini yenye unyevu juu ya barua ambayo wino wake haujakauka sawasawa. Kwa hiyo tunayo maelfu ya barua hizo hadi leo, katika maktaba ya Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha Edinburgh. Ushauri uliomo si wa miujiza. Anasema punguza nyama, kunywa mvinyo kwa kiasi, panda farasi, vaa sufu, usilale chumba chenye baridi, tumia dawa hii kwa juma hivi kisha uniandikie. Kila barua ilikuwa na bei yake: daktari hulipwa ada, na gharama ya posta hubebwa na anayepokea, kwa kadiri ya umbali na idadi ya karatasi.

Maskini hakuwa na njia hiyo. Alihitaji barua ya aina nyingine. Hospitali nyingi mpya za hisani ziliendeshwa kwa michango ya matajiri, na mgonjwa hakupokelewa isipokuwa ameleta waraka wa mmoja wa wachangiaji unaothibitisha kwamba ni mtu mwema anayestahili. Halafu hospitali hizo zilipenda wagonjwa wanaopona upesi. Mwenye donda lisilofunga au kikohozi cha miaka aliambiwa hapana mahali. Mtu wa namna hiyo, kama aliishi karibu na Johnson, aliishia mikononi mwa Robert Levet, mpangaji wa nyumba ya Johnson mwenyewe. Levet alikuwa mhudumu wa mkahawa huko Paris walipokuwa wakikutana wapasuaji, akajifunza kwa kusikiliza. Hakuwa na cheti. Alizunguka London kwa miguu akitibu watu wa chini, na wasio na senti walimlipa kwa pombe, naye akainywa ili asiondoke mikono mitupu. Johnson alimthamini kuliko matabibu wengi wenye majoho, na Levet alipofariki Januari 1782 alimtungia shairi la maombolezo.

Turudi kwenye barua. Boswell alipopata ombi aliliandika upya katika waraka wa Machi 7, nakala tatu: moja kwa Cullen, moja kwa John Hope, bingwa wa mimea ya dawa, na moja kwa Alexander Monro, profesa wa anatomia. Waraka huo Boswell aliuchapisha baadaye, na mimi kila nikiusoma naustaajabia, kwa sababu mwandishi wake ni mwanasheria na bado ungepita kama barua ya rufaa hata leo. Maelezo ya ugonjwa yanaanza na umri. Kisha historia: kiharusi cha kiangazi kilichopita, kilichomwachia karibu kabisa, kikohozi cha mafua kilichotangulia hapo. Kisha hali ya sasa: pumu ya kubana, miezi mitatu ndani ya nyumba, usiku wa kukaa kitako. Kisha anachosema Brocklesby, daktari aliye karibu, pamoja na matumaini yake kwamba hali ya hewa ikitulia mgonjwa naye atatulia. Kisha anachosema mgonjwa: kwamba maji yanazidi kumjaa, na kwamba anadhani nchi yenye joto ingemfaa. Mwisho, dawa anayotumia: siki iliyolowekwa kitunguu-pori cha pwani za Mediterania, ya kumfanya akojoe.

Hapo pana sauti tatu ndani ya ukurasa mmoja, na Boswell hakuziyeyusha kuwa moja. Daktari anazungumza juu ya hewa na uvimbe, mgonjwa anazungumza juu ya maji na hamu ya jua. Anayesoma Edinburgh anaona zinapokubaliana na zinapopishana. Katika fomu nyingi tunazozijaza sasa, sauti ya mgonjwa ndiyo hupotea ya kwanza.

Boswell aliongeza pia neno la tahadhari: ombi la Johnson halikuwa idhini kamili ya kuitisha shauri rasmi la madaktari. Alijua adabu ya kazi. Kumwendea tabibu mwingine bila ridhaa ya yule anayekutibu kulileta ugomvi, na hapa Heberden na Brocklesby walikuwa watu wa heshima zao.

Johnson mwenyewe alikuwa amezoea kupelekwapelekwa tangu akiwa hajui kuvaa viatu. Alizaliwa Lichfield mwaka 1709, akapata matezi ya shingo ya kifua kikuu, ugonjwa ulioaminika kuponywa kwa kuguswa na mfalme. Aliyeshauri mtoto apelekwe kwa Malkia Anne alikuwa Sir John Floyer, tabibu wa mji huo, tena si mtu wa ushirikina tu: ameandika kitabu kizima juu ya pumu, aliyokuwa nayo mwenyewe, na alitengenezewa saa maalumu ya kuhesabia mapigo ya mshipa kwa dakika. Basi Machi 1712 mama yake, Sarah, alimchukua mtoto wa miaka miwili na nusu hadi London. Alishona sarafu mbili za gini ndani ya sketi yake ya chini kwa hofu ya wanyang'anyi. Walikwenda kwa gari la abiria na kurudi kwa mkokoteni wa mizigo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kikohozi kikali cha mtoto, ila Johnson alipokua alihisi kwamba kuokoa shilingi chache kulikuwa na uzito wake. Malkia alimgusa Machi 30, akampa kipande cha dhahabu cha kuning'iniza shingoni, na Johnson alikivaa hadi uzeeni. Matezi hayakupona. Yalikatwa, yakamwachia makovu, na jicho moja lilibaki na kiza.

Safari ya pili ilikuwa ya aina nyingine, na ndiyo iliyomfundisha kwamba barua ina hatari yake. Mwishoni mwa mwaka 1729 aliacha masomo Oxford kwa kukosa ada, akarudi nyumbani akiwa ameshikwa na huzuni nzito isiyo na jina zuri, huzuni ya kumfanya mtu atazame saa ya mnara asijue inasema nini. Alijaribu kuifukuza kwa miguu, akitembea kutoka Lichfield hadi Birmingham na kurudi, zaidi ya kilomita 50. Haikuondoka. Ndipo akaketi akaandika habari ya ugonjwa wake kwa Kilatini, lugha ya matabibu, akampelekea Dkt. Samuel Swynfen, aliyekuwa baba yake wa ubatizo.

Swynfen alisoma akapigwa na butwaa. Kijana wa miaka 20 alikuwa amejichambua kwa ukali na ufasaha ambao tabibu hakuwahi kuuona. Kwa fahari ya mlezi akawaonyesha watu kadhaa. Johnson alipopata habari alikasirika, na hakupatana naye sawasawa tena. Si vigumu kumwelewa. Alifungua ndani ya nafsi yake mbele ya mtu mmoja, akajikuta amesomwa sebuleni kama insha iliyopata alama za juu. Miaka mingi baadaye binti wa Swynfen, Bi. Elizabeth Desmoulins, alipofikwa na ufukara, Johnson alimpa hifadhi nyumbani kwake, na ni huyu mama aliyesimulia kisa hicho.

Miaka michache baada ya tukio hilo, akiwa Birmingham na huzuni ileile, Johnson alitafsiri akiwa amelala kitandani kitabu cha padri Mreno Jerónimo Lobo kuhusu Uhabeshi, huku rafikiye Edmund Hector akiandika. Lobo huyo ndiye aliyepata kutua Pate akitafuta njia ya kufika Uhabeshi kwa kupitia pwani yetu. Kwa hiyo mawazo ya mgonjwa yalisafiri mbali kuliko miguu yake, hata wakati huo.

Hata baada ya kisa cha Swynfen, Johnson hakuacha kuandika juu ya mwili wake. Alfajiri ya Juni 17, 1783, aliamka akiwa na mvurugiko kichwani, akahisi kwamba kuna jambo. Akamwomba Mungu amwachie akili, na ili kujipima akaitunga dua hiyo kwa mashairi ya Kilatini. Mashairi hayakuwa mazuri, na aliona kwamba si mazuri; akahitimisha kwamba akili ipo. Kisha akagundua hawezi kusema. Akanywa mvinyo kidogo kuuchokoza ulimi, haukuchokozeka, akalala tena. Kulipopambazuka alichukua kalamu amwandikie jirani yake, na mkono ukawa unaandika herufi nyingine badala ya ile anayoikusudia. Akaandika barua nyingine kwa rafikiye Dkt. John Taylor, mchungaji, amletee Heberden, na humohumo akapendekeza matibabu: pengine dawa kali ya kutapisha ingeamsha viungo vya usemi. Mtu amepooza ulimi, na bado anajiandikia rufaa na kumshauri daktari atakayekuja! Madaktari walifika, wakambandika dawa ya mbawakawa ya kutoa malengelenge, na baada ya siku chache alianza kuongea.

Majibu ya Edinburgh, basi. Wote watatu walijibu kwa moyo mkunjufu. Cullen alisema kumtumikia mtu kama Johnson kungekuwa furaha kwake. Hope alitania kwamba Johnson anamdai, kwani haipiti siku yeye Hope asimwombe Johnson ushauri juu ya neno hili au lile. Kamusi ilikuwa mezani. Hope aliwasiliana moja kwa moja na Brocklesby, tabibu kwa tabibu, na hiyo ndiyo njia safi. Cullen na Monro waliandika maoni na maagizo yao kwa Boswell.

Hapa mambo mawili yaliharibika, na yote mawili yamo katika umbile la rufaa ya karatasi. La kwanza ni wakati. Boswell alipokuwa akiandika waraka wake, mwili wa Johnson ulikuwa umekwisha geuka: mwezi Februari alikojoa maji mengi ghafla, painti 20 kwa hesabu yake, na Machi 18 aliandika kwamba uvimbe umekwisha karibu wote. Madaktari watatu walikuwa wakimtibu mtu wa wiki kadhaa nyuma. Ugonjwa sugu una tabia hiyo ya kupanda na kushuka, na posta ya farasi haikuweza kuufuata.

La pili ni mjumbe. Boswell ameeleza bila haya kwamba maoni ya Cullen na Monro alikwenda nayo London mwenyewe baadaye, akamwambia Johnson yale yaliyokuwa ya kutia moyo. Boswell alifika London Mei 5, karibu miezi miwili tangu aandike. Na kama kulikuwa na neno zito katika majibu hayo, lilibaki mfukoni mwa wakili. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na ndugu wa wagonjwa wengi wamefanya hivyo na watafanya. Lakini Johnson hakuwa ameomba faraja. Aliomba ajue.

Aprili 21, baada ya siku 129 za kufungiwa kwa hesabu yake, alitoka akaenda kanisani kushukuru. Rafiki zake wakahangaikia ile fikra yake ya nchi ya joto, wakaomba serikalini fedha za kumpeleka Italia. Fedha haikupatikana. Julai akaondoka kwenda Lichfield na Ashbourne, na kutoka huko barua zikawa zinatiririka kwenda kwa Brocklesby: amelala saa ngapi, amepanda ngazi ngapi bila kutweta, kitunguu-pori amekunywa kiasi gani, mkojo umetoka au umekataa. Pembeni aliweka daftari la Kilatini la mgonjwa, lililoanza Julai 6 na kukoma Novemba 8. Huko Lichfield aliazima kutoka maktaba ya kanisa kuu kitabu cha Floyer juu ya pumu: tabibu aliyeshauri apelekwe kwa Malkia akiwa mtoto, sasa Johnson anamsoma akiwa mzee. Alipunguza na kuongeza dozi kwa hiari yake, na Brocklesby, kwa hekima au kwa kuchoka, alimwacha.

Novemba, akirudi London, alipita Birmingham kumwona Hector. Katika mji huohuo William Withering alikuwa amekwisha tibu wagonjwa wa kuvimba kwa majani ya dijitalisi tangu mwaka 1775, na kitabu chake kingetoka mwaka uliofuata, 1785. Hakuna aliyempeleka Johnson kwake. Sisemi kwamba angepona: mapafu yake yalipofunguliwa baada ya kifo yalikutwa yametanuka na kuharibika, na dijitalisi haitengenezi mapafu. Ila inaonyesha udhaifu mwingine wa utaratibu ule. Rufaa ilifuata majina makubwa na urafiki, na Withering, kwa upande huu wa dawa, bado hakuwa jina.

Kufika Desemba maji yalikuwa yamerudi. Johnson alimwuliza Brocklesby waziwazi: nitapona? Brocklesby akamwuliza kwanza kama anaweza kubeba ukweli wote. Akasema anaweza. Akajibiwa kwamba, bila muujiza, hatapona. Johnson akakataa dawa zote tangu hapo, hata kasumba, akitaka kumkabidhi Mungu nafsi isiyo na ukungu. Kisu hakukikataa. Mpasuaji William Cruikshank alipomchanja miguu kwa woga ili maji yatoke, alimkemea akate ndani zaidi, kwamba yeye anatafuta maisha na mwenzake anaogopa kumwumiza. Siku ya mwisho alijichoma mwenyewe miguuni kwa mkasi. Alifariki jioni ya Desemba 13, 1784.

Mwaka 1791 Boswell alichapisha maisha ya Johnson. Humo alimlaumu marehemu Swynfen kwa kutoa nje siri aliyoaminiwa, akaisimulia siri yenyewe, kisha kurasa za mbele akaweka waraka wa Machi 7, vipande vya majibu ya madaktari watatu, na maelezo yake ya kupeleka habari njema tu. Hope alikuwa amefariki mwaka 1786 na Cullen mwaka 1790, kwa hiyo kati ya walioandikiwa ni Monro peke yake aliyekuwa hai kusoma jinsi maoni yake yalivyochujwa kabla ya kumfikia mgonjwa.